Ajali Moja, Madai Mengi: Nani Anamlipa Nani Baada ya Magari Kugongana

Fuso lililobeba magunia ya dagaa kutoka Mwaloni Kirumba linaelekea Igoma kwa barabara ya Musoma. Karibu na Buzuruga linashindwa kusimama, linaivaa kwa nyuma IST iliyokuwa inapisha watembea kwa miguu. IST inasukumwa mbele, inamgonga bodaboda aliyebeba abiria, na pikipiki inaishia kwenye meza ya mama anayeuza nyanya pembeni. Utingo wa fuso anaanguka na kuvunjika mkono. Dagaa wamemwagika lami nzima.

Mfano huu nimeubuni, ila hakuna kitu ndani yake ambacho mkazi wa Mwanza atakiona kigeni. Watu wakishajaa utasikia sauti ileile: "Tulieni, gari lina bima, bima italipa." Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Bima ipi? Imlipe nani, kwa hasara gani, na nani apeleke madai? Katika tukio hilo moja kuna madai yasiyopungua manane, kila moja lina mlango wake na karatasi zake. Watu wengi hawapotezi haki zao kwa sababu kampuni imewadhulumu. Wanazipoteza kwa sababu walibisha hodi mlango usio wao, au waliweka sahihi kwenye karatasi iliyofunga madai yote wakidhani inafunga moja.

Tuanze na bima zenyewe. Bima ndogo, ile ambayo wengi huiita thadi pati, ndiyo ambayo Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kuwa nayo kabla hajaingia barabarani. Kazi yake ni kumlipa mtu mwingine uliyemuumiza au uliyemharibia mali. Gari lako mwenyewe hailigusi, hata likikunjika lote. Bima kubwa inabeba kazi hiyo hiyo na kuongeza gari lako: kugongwa, kupinduka, kuungua, kuibiwa. Katikati yake kuna bima inayolipa watu wengine pamoja na moto na wizi wa gari lako, lakini kwa ajali ya kugongana haitakusaidia zaidi ya bima ndogo.

Kutokana na hapo madai yanagawanyika makundi mawili, na ukilishika hili umeshavuka nusu ya safari. Kundi la kwanza ni dai kwa kampuni yako mwenyewe, linalosimama juu ya mkataba wako. Hapo huhitaji kuthibitisha kwamba mwenzako ndiye mwenye kosa. Hata kama kosa ni lako, bima kubwa italipa mradi hukuvunja masharti. Kundi la pili ni dai dhidi ya aliyekusababishia hasara. Hapo ni lazima kosa lionekane, na anayedaiwa kisheria ni dereva na mwenye gari. Kampuni ya bima inaingia kulipa kwa niaba yao. Ndiyo maana ukienda kwenye kampuni ya mwenye fuso ukiwa mkali kana kwamba wewe ni mteja wao, watakutazama kwa mshangao. Huna mkataba nao. Unachodai ni fidia ambayo mteja wao anadaiwa.

Sasa mwenye IST. Tuseme ana bima kubwa, na fuso lina bima ndogo iliyo hai. Ana njia mbili. Anaweza kudai kwa kampuni yake, gari litengenezwe, kisha kampuni yake ndiyo iende kuidai kampuni ya fuso kile ilicholipa. Au anaweza kuiacha bima yake na kuidai moja kwa moja kampuni ya upande wa fuso. Hawezi kulipwa mara mbili kwa hasara ileile. Bima inakurudisha ulipokuwa kabla ya ajali, haikupi faida. Kwa mawazo yangu njia ya kwanza ni bora kwa watu wengi, kwa kuwa haisubiri polisi wamalize upelelezi wala mahakama iamue nani alikosea. Gharama yake ni eksesi, yaani kile kiasi cha mwanzo ambacho mkataba unasema utakibeba mwenyewe, na huenda ukapoteza punguzo la ada ulilokuwa unapewa kwa kutodai mwaka mzima.

Lakini kabla fundi hajashika spana, subiri mtathmini wa hasara. Kampuni humtuma aje aone gari, apige picha, alinganishe makadirio ya gereji. Ukitengeneza kwanza ukapeleka risiti baadaye, umeondoa ushahidi kwa mikono yako, na kampuni ina sababu halali ya kukataa. Gari linaweza kuvutwa kutoka barabarani, hilo halina tatizo, ila hifadhi risiti ya kulivuta.

Kitu kinachowaliza wenye bima kubwa kuliko kingine chochote ni thamani waliyoandikisha. IST yetu inauzwa milioni 14 sokoni, lakini mwenyewe, ili ada ishuke, aliikatia bima kwa milioni 7. Fundi anasema matengenezo ni milioni 4. Mwenye gari anaona 4 ni ndogo kuliko 7, kwa hiyo atalipwa zote. Mkataba ukiwa na kipengele cha uwiano, sivyo. Aliikatia bima nusu ya gari, kwa hiyo kampuni inabeba nusu ya hasara: milioni 2. Toa eksesi, tuseme laki 3, zinabaki milioni 1 na laki 7. Milioni 2 na laki 3 zinatoka mfukoni mwake. Na anayeandikisha thamani kubwa kuliko ya sokoni hapati ahueni: gari likiharibika kabisa atalipwa thamani halisi ya siku ya ajali, na ile ada ya ziada imekwenda.

Kuharibika kabisa si lazima gari liwe chuma chakavu. Kampuni ikiona matengenezo yanakaribia au kuzidi thamani ya gari, inaona heri ilipe thamani na kuchukua mabaki. Unaweza kuomba ubaki nayo, yakakadiriwa bei na kukatwa kwenye malipo yako. Gari likiwa dhamana ya mkopo, benki inachukua chake kwanza. Mwenye gari anapata kinachosalia, kama kipo. Dai la kioo kilichopasuka peke yake ni jepesi, kampuni nyingi zina kikomo chake maalumu na hulimaliza haraka.

Rudi kwenye zile milioni 2 na laki 3. Hazijapotea. Kwa kuwa kosa ni la fuso, mwenye IST anaweza kuudai upande wa fuso sehemu ambayo bima yake haikufidia: upungufu wa uwiano, eksesi, na gharama za usafiri wakati gari likiwa gereji. Kwa hizi gharama za pembeni mahakama zetu zinataka uthibitisho wa shilingi kwa shilingi, kwa hiyo nauli isiyo na risiti ihesabu kama haipo. Huku kampuni yake nayo inaidai kampuni ya fuso ile milioni 1 na laki 7 iliyolipa. Madai mawili ya IST moja, yanatembea sambamba.

Na hapa kuna mtego ambao naomba usomwe mara mbili. Mwenye fuso anakuja kistaarabu, anatoa laki 5, anaomba mwenye IST asaini kwamba "sina madai zaidi kuhusu ajali hii". Anasaini, kwani si bima italipa yaliyobaki? Kampuni yake inasimama kwenye viatu vyake inapomdai mwenye fuso; haina haki kubwa kuliko aliyokuwa nayo yeye. Akishamsamehe mwenye fuso, ameifungia kampuni yake mlango, na kampuni inaweza kukataa kumlipa au kumdai irudishiwe. Mikataba karibu yote inakataza pia mteja kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Kwa hiyo hata wewe uliyegonga, mpe mwenzako pole, mpeleke hospitali, onyesha stika yako, lakini usiandike popote kwamba utalipa.

Sielezi haya ili nikataze kumalizana kienyeji. Taa ya nyuma ikivunjika Nyegezi, wawili wakakubaliana bei ya taa, hakuna haja ya kuwahangaisha polisi. Mradi hakuna mtu aliyeguswa. Maumivu ya shingo na mgongo mara nyingi hujitokeza kesho yake, na aliyekwisha kusaini kwa elfu 50 za soda atakuwa na kazi kubwa kuufungua mlango ule tena.

Tumwangalie bodaboda, maana huyu ndiye anayenyamazishwa kirahisi zaidi. Stika ya pikipiki yake iliisha mwezi uliopita. Watu wanamwambia hana haki, afadhali aondoke kabla trafiki hajamwandikia. Kutembea bila bima ni kosa na linaweza kumfikisha mahakamani, ni kweli. Lakini dai lake la kuvunjika mguu halitegemei bima yake, linategemea bima ya aliyesababisha agongwe, yaani fuso lililoisukuma IST. Yeye ni mtu wa tatu kwa fuso, mmoja wa wale watu wengine ambao bima ndogo ipo kwa ajili yao. Abiria wake pia, tena bila doa lolote. Wasikimbie.

Pikipiki yenyewe huenda ni ya mkataba, yaani rejesho halijaisha na kadi ina jina la tajiri. Basi hapo kuna madai mawili ya watu wawili: la mwili ni la dereva, la chombo ni la mwenye kadi. Nimeona wenye pikipiki wakipokea malipo "ya ajali" na kijana akabaki na mguu wake kwenye plasta, akiambiwa tayari wamelipwa. Dai la mwili halilipwi kwa jina la mwenye pikipiki. Uliza malipo ni ya nini, yaandikwe.

Dai la kuumia linaanza na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, unayoipeleka Sekou Toure, Bugando au hospitali yoyote utakayofikia. Mgonjwa mahututi atibiwe kwanza, fomu ifuate, lakini ifuate. Vinavyodaiwa ni gharama za matibabu, kipato kilichopotea, maumivu, na ulemavu wa kudumu kama upo. Hilo la mwisho haliwezi kukadiriwa hadi daktari aseme mwili umefika pale utakapofika, na ripoti yake itaje ulemavu ni wa kiasi gani. Kampuni ikikuita wiki ya pili na hundi pamoja na hati ya kumaliza dai, huku bado una vyuma mguuni, soma hati ile na mtu anayeielewa. Hati ya kumaliza dai maana yake ni hiyo hiyo: umemaliza. Operesheni ya mwakani itakuwa juu yako. Kwa kipato, bodaboda hana hati ya mshahara, basi atafute kinachoweza kusimama badala yake: daftari la rejesho, barua ya uongozi wa kijiwe, miamala ya simu.

Mtu akifariki, dai ni la wategemezi wake, chini ya sheria ya fidia za vifo, Sura ya 310. Kampuni itataka kuona uteuzi wa msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, kwa hiyo kikao cha ukoo kisicheleweshwe na kesi ya mirathi ifunguliwe mapema hata kama marehemu hakuacha kiwanja wala ng'ombe. Familia nyingi hudhani mirathi ni ya wenye mali.

Mama wa nyanya anadai mali: meza, mwavuli, matenga. Apige picha kabla ya kufagia, awe na majirani walioona, na ahakikishe jina lake limo kwenye taarifa ya polisi. Wafanyabiashara wadogo husahaulika hapo kwa sababu trafiki ameandika magari na majeruhi tu. Asiyetajwa kwenye taarifa atapata shida kuieleza kampuni kwamba alikuwepo. Ajue pia kwamba bima ndogo nyingi zina kikomo cha fedha kwa uharibifu wa mali, na kwenye ajali ya watu wengi kikomo hicho kinaweza kufikiwa. Kinachozidi kinamrudia mwenye gari mwenyewe.

Utingo ana njia ya kwake. Ameumia akiwa kazini, na wajibu wa mwajiri kwa mfanyakazi wake si kitu kinachobebwa na ile bima ya lazima. Mlango wake ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, ambao waajiri wa sekta binafsi na ya umma wanapaswa kuuchangia. Kule hakuna kuulizana dereva alikosea au la. Swali ni kama aliumia akiwa kazini. Taabu ni kwamba utingo wengi hawana hata karatasi ya kuajiriwa, na tajiri atasema "huyu alikuwa anaomba lifti". Ushahidi wa watu wa Mwaloni wanaomwona kila siku juu ya fuso lile una thamani kubwa hapo.

Dagaa je? Bima ya gari haibebi mzigo uliomo ndani ya gari. Mfanyabiashara aliyekodi fuso alihitaji bima ya mizigo iliyo safarini, na kama hakuikata, anabaki kumdai msafirishaji kwa makubaliano yao. Na fuso lenyewe, lenye bima ndogo, halina wa kumdai. Tajiri analitengeneza kwa fedha yake.

Sasa karatasi za polisi, kwa sababu madai yote haya yanakutana pale kituoni. Zinazoombwa na kampuni kwa kawaida ni PF90, taarifa ya awali ya ajali. PF93, ukaguzi wa magari. Ramani ya tukio. Na PF115, taarifa ya mwisho baada ya upelelezi. Kwa dai dhidi ya aliyekugonga utaombwa pia hati ya mashtaka au nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki, maana dereva akitiwa hatiani swali la kosa linakuwa limejibiwa. Wale wanaokwenda kituoni kuomba kesi ifutwe kwa kuwa "tumeelewana" wajue kwamba huenda wanafuta pia msingi wa fidia yao. Angalia ramani ikichorwa. Kama inaonyesha umeingia upande usio wako, sema palepale kwa heshima. Baada ya miezi sita huwezi kuirekebisha.

Ukiwa bado eneo la tukio, piga picha ya stika na namba za magari yote. Stika siku hizi ni za kielektroniki na mfumo wa TIRAMIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, unakuruhusu kuhakiki kwa simu kama gari lina bima hai na ni ya kampuni ipi. Kagua na ya kwako pia, hasa kama ulimpa wakala fedha mkononi.

Kuna mambo yanayoua dai la bima kubwa: dereva asiye na leseni ya daraja la gari analoendesha, pombe, na matumizi tofauti na yaliyoandikwa. Hili la mwisho ndilo linalotukamata Kanda ya Ziwa. Probox imekatiwa bima ya gari la binafsi, lakini kila alfajiri inabeba abiria wa kulipa. Ikigonga, kampuni itakataa kulitengeneza. Kwa aliyeumia hali ni tofauti kidogo: Sura ya 169 inazuia baadhi ya visingizio vya mkataba kumwangukia yeye, na kampuni inaweza kulazimika kumlipa kisha ikamgeukia mteja wake aliyevunja masharti. Kwa hiyo majeruhi asikate tamaa kwa kusikia tu kwamba dereva hakuwa na leseni.

Anayevuka Sirari kwenda Kenya au Mutukula kwenda Uganda anahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Ingawa Tanzania ilijitoa COMESA, bado imo kwenye mpango huo. Kadi inabeba madai ya watu wengine katika nchi uliyoingia; gari lako lenyewe linahitaji bima kubwa iliyoongezewa nchi hiyo.

Kampuni ikikataa au ikikuzungusha, omba sababu kwa maandishi na kifungu cha mkataba wanachokitegemea. Jibu la mdomo dirishani huwezi kulikatia rufaa. Hatua inayofuata ni malalamiko TIRA, yenye ofisi ya kanda hapa Mwanza, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na mahakama ipo wakati wote. Lakini mahakama ina ukomo: kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, dai la madhara dhidi ya aliyekugonga ni miaka 3, na dai la mkataba dhidi ya kampuni yako ni miaka 6. Mikataba yenyewe hutaka taarifa ya ajali ndani ya siku chache. Mazungumzo, ahadi za "rudi Jumatatu" na barua za "tunalifanyia kazi" hazisimamishi hesabu ya miaka hiyo, kwa hiyo kila barua unayopeleka iwe na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, na mwaka wa tatu ukianza bila malipo, mwone wakili mwaka huo huo.